Mwalimu Nidhal Jasib, Aliyewapeleka Wasichana Nyuma ya Ukuta

Mwalimu Nidhal Jasib Shamkhi alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika kijiji cha Kharnubiya, kaskazini mwa Basra. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Jasib, mfugaji wa nyati wa maziwa, na marehemu Bibi Fadhila. Siku hizo kijiji kilikuwa mitende mitupu, na usiku kulikuwa na giza. Tunaliandika hili kwa makusudi, maana wasichana aliowafundisha hawajapata kuona usiku wa giza hapa kwetu. Moto wa gesi ya visima vya mafuta unawaka mpaka asubuhi.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1978. Vita viliposogea, familia ilihamia Nasiriya, na huko akamaliza sekondari. Mwaka 1995 alipata shahada ya jiografia katika Chuo Kikuu cha Basra, na Oktoba ya mwaka huo akaanza kufundisha sekondari ya wasichana ya Kharnubiya.

Tarehe 2 Julai 1998 aliolewa na Bwana Falih, fundi wa magari. Walijaliwa Tabarak na Muqdad. Bwana Falih anasema mkewe alikuwa akiunguza wali kila alipopata kitabu kizuri, na kwamba yeye alishazoea kuukwangua chini.

Mwaka 2015 kampuni ya mafuta ilichimba visima vipya hadi kwenye ukuta wa shule. Wanafunzi wakakatazwa kusogea huko, wakiambiwa ni kwa usalama wao. Miaka miwili baadaye kampuni hiyo hiyo iliiletea shule zawadi: miwani ya kuvaa usoni, ambayo mtu akigeuza kichwa anaona pande zote kama yupo mahali penyewe. Ndani yake kulikuwa na ziara ya kwenye visima. Wasichana wakavaa, wakaona majani mabichi na swala wakinywa maji. Msichana mmoja akaivua na kuuliza kwa upole, “Mwalimu, hapa ni nchi gani?”

“Ni nyuma ya ukuta wetu,” akajibu.

Darasa zima likacheka. Mwalimu Nidhal hakucheka, na jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba amekaa darasani akashuhudia watoto wake wakidanganywa machoni pake.

Alitafuta kamera ya kupiga picha za pande zote. Bwana Falih akamzungusha na gari lake. Langoni walimkuta Muhaybis, kaka yake wa tumbo moja, mlinzi wa kampuni. Alimzuia, akamwambia arudi jikoni kwake kabla hajamfukuzisha kazi. Mwalimu Nidhal hakubishana naye. Alipita kwa wanawake wenye mashamba kando ya mfereji, na wao wakampitisha. Akapiga picha za moto wa gesi, mitende iliyokauka imesimama, na dimbwi jeusi walimokufa nyati wa jirani.

Picha hizo akazitia kwenye miwani ile ile, na hivyo zikaanza ziara zake. Wasichana wa miaka kumi na tano walisimama ukingoni mwa dimbwi wakiwa wameketi kwenye madawati yao, kisha wakafundishwa kilichomo majini na kilichomo hewani. Shule za Baghdad na Mosul zikaomba kujiunga. Mwanafunzi mmoja wa Baghdad aliomba ule mngurumo wa moto upunguzwe sauti. Wasichana wetu wakamjibu kwamba na wao wanaomba hivyo hivyo. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kuitazama ziara hata moja hadi mwisho. Miwani ilimtia kizunguzungu, akawa anaongoza msafara akiwa ameshika ukuta.

Bwana Sarmad, afisa wa mahusiano wa kampuni, alikuja shuleni na mkaguzi wa elimu. Alimwambia mbele ya walimu wenzake, “Dada, unawafundisha watoto kutema chakula cha baba zao.”

“Baba zao wanakula kwenu,” akamjibu. “Kukohoa wanakuja kukohoa nyumbani.”

Miwani ikachukuliwa. Mwaka 2021 Mwalimu Nidhal akahamishiwa kwenye ofisi ya kupanga mafaili, mbali na mwanafunzi yeyote. Mwalimu mwenzake hata mmoja hakufungua kinywa. Akaendelea kufundishia sebuleni, kwa simu zilizopachikwa kwenye miwani aliyoikata kutoka kwenye maboksi.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya damu. Daktari hakusema chanzo chake, na sisi hatutamsemea. Tunasema tu kwamba katika wodi ile alikutana na majirani wengi kuliko aliokuwa akikutana nao sokoni.

Huko ndiko alikofanya ziara ya mwisho. Aliwaomba ruhusa wagonjwa wenzake, kisha akaweka kamera juu ya kitanda chake. Wasichana walipovaa miwani ya maboksi, walijikuta wameketi ubavuni pake, dripu juu ya vichwa vyao. Baadhi wakaanza kulia. Sauti yake ikawafikia, dhaifu lakini ya darasani: “Msilie sasa. Tazameni kwanza, mtalia nyumbani.”

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024, saa kumi alasiri, akazikwa Najaf.

Kampuni imeleta shada la maua na kuomba nafasi ya kusema maneno mawili juu ya “rafiki wa mazingira”. Shada liko nje. Bwana Sarmad ameketi humu hemani, na kahawa tumempa, kwa kuwa msibani hanyimwi mtu kahawa. Nafasi ya kusema hatumpi.

Mwalimu Nidhal ameacha mume, Bwana Falih. Watoto wawili, Tabarak, ambaye sasa anaongoza ziara, na Muqdad. Dada yake Ibtihal, aliyeandika wasifu huu. Kaka yake Muhaybis, ambaye bado yuko langoni na leo hakupewa ruhusa ya kuja. Pamoja na wasichana wote aliowafundisha kutazama.

Mola amrehemu, amlaze penye hewa safi na giza la usiku.