Slaidi za Kumuaga, Alizozitengeneza Mwenyewe

Mwisho wa mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, anastaafu yule ambaye ofisi nzima inamwita Mzee Slaidi. Nimeombwa nimwandikie mimi, mama wa chai, maana wengine wote wanasema wanaona haya. Na mimi ninayo haya, tena yangu ndiyo kubwa. Mtaona.

Alianzia masjala, kubeba mafaili. Siku hizo maelezo ya mikutano yaliandikwa kwenye karatasi za plastiki zinazowekwa juu ya taa, na yeye ndiye aliyeziandika kwa mkono, herufi kubwa zimesimama wima kama watoto wa gwaride. Projekta zilipokuja alijifunza mwenyewe. Tangu hapo hakuna mtu wa ofisi hii aliyesimama mbele ya wageni bila kupita kwanza mezani kwake.

Kazi yake ilikuwa kupunguza. Mtu humletea slaidi imejaa maneno kama gunia, akaondoka na mstari mmoja na picha moja inayoeleweka. Kisha Mzee huja kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na meza yangu ya chupa za chai, akavua miwani. Asichokiona bila miwani kinafutwa, hata kama kimeandikwa na mkurugenzi. Mhasibu wetu aliwahi kulalamika kwamba jedwali lake limebaki na safu mbili tu. Akajibiwa, "Bwana mdogo, zile nyingine wape kwenye karatasi wakasome nyumbani. Hapa wamekuja kukusikiliza wewe."

Sasa aibu yenyewe. Wiki iliyopita vijana wa kamati ya sherehe walitengeneza kwa siri slaidi za kumuaga. Tukajifungia ukumbini kuzijaribu. Jamani! Maandishi mekundu juu ya bluu, sifa zake zote zimebanana kama siafu, herufi zinaingia moja moja huku zikizunguka. Binti wa kamati akatugeuzia mgongo, akawa anausomea ukuta. Wasiwasi ukanishika: mkurugenzi atasemaje, wageni watasemaje? Miguu ikafanya ilichozoea. Nikatoka mbio, nikamwita Mzee Slaidi.

Alikuja na kikombe mkononi, akakaa nyuma, akavua miwani. Aliona madoa mekundu tu. "Futa. Hiyo nayo futa. Kwani huyu mnayemuaga amewakosea nini?"

Binti wa kamati aliinamisha kichwa, mimi nikapangusa meza iliyokuwa safi. Slaidi iliyofuata ilikuwa picha yake mwenyewe.

Akavaa miwani, akaisoma aya ndefu ya sifa iliyokuwa chini ya picha, akaenda mwenyewe kwenye kompyuta akaifuta yote. "Haya ayaseme mtu kwa mdomo," akasema, akachukua kikombe chake akatoka. Ndivyo tulivyomfanyisha mtu kazi ya kuagwa kwake.

Mzee wetu, tusamehe. Siku ya sherehe, nikianza kusema, ukutani tutaweka slaidi nyeusi isiyo na neno hata moja, kama ulivyotufundisha, ili watu wamtazame msemaji. Na wa kuyasema uliyoyafuta ni mimi. Nayafanyia mazoezi tangu sasa, mbele ya chupa za chai. Umewekewa kiti cha mbele chenye kitambaa, lakini nakuomba kazi moja ya mwisho: kaa nyuma, karibu na chai. Sauti yangu isipofika, inua mkono. Ikifika, tulia unywe chai yako. Ahsante kwa yote, kaka, na maisha ya nyumbani yawe mepesi kwako kama slaidi zako.