Vigingi vya Daraja

Nigeuzeni nitazame mlango. Hivyo. Gaone, usinifunike, joto hili la Oktoba linanitosha, na wewe Otsile acha simu hiyo, keti kwenye kiti cha baba yako unisikilize, maana leo ni Jumanne, na Alhamisi mhandisi wa halmashauri anakuja kgotla, barazani kwetu, kwa mara ya mwisho, na asipoonyeshwa mahali pa kujenga daraja letu atalipeleka kijiji kingine, na mimi sidhani kama nitaifikia hiyo Alhamisi.

Mambo madogo kwanza, yaishe. Ng'ombe ni wa Otsile, lakini yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda na ndama wake ni wa Gaone, na asitokee mjomba yeyote wa kuniambia binti hana ng'ombe. Cherehani ni yake pia. Mkokoteni na punda wanne wapeni kamati, kwa sababu ndio wanaobeba mchanga wa kukarabati nyumba za wazee, na punda hao hawajui tena njia nyingine. Na yule karani wa halmashauri niliyemwita mvivu mbele ya watu mia mbili, mtafuteni mumwombe radhi kwa jina langu. Mtaelewa sasa hivi kwa nini.

Nipeni maji. Yatosha.

Wanangu, miaka sita mmenigawana na Kamati ya Maendeleo, na najua mmechoka. Mara tatu watu wameinua mikono pale kgotla wakanichagua mwenyekiti, na mara tatu nimejifanya sitaki. Tumefanya kazi, sitajishusha kwa hilo. Tumeezeka upya nyumba nne za vikongwe, tumekaanga maandazi yetu ya magwinya na kuyauza kila siku ya pensheni mpaka shule ikapata tangi la maji, tumemsumbua mwenye basi mpaka akakubali kufika dukani badala ya kutuacha barabarani na mizigo. Na daraja. Mnakumbuka mwaka jana tulivyokusanya viatu vya shule vya watoto wanaovuka mto, jozi arobaini na tatu zenye matope ya mto, tukavipanga juu ya meza ndefu ya halmashauri, juu ya karatasi zao na biskuti zao, nikawaambia, "Waheshimiwa, wenye viatu wako darasani pekupeku, wanawasalimu." Redio ilitutangaza wiki nzima, na mimi nikatembea kijijini shali begani kama aliyeolewa jana.

Sasa nisikilizeni, na asiinuke mtu.

Halmashauri haikutunyima daraja. Mimi ndiye niliyelizuia.

Otsile, keti. Nimesema keti, pumzi yangu si ya kukufukuzia hadi uani.

Lile rundo la mawe kule kambi ya ng'ombe, unalolipalilia kila Desemba na kulipigia magoti, hakuna mtu chini yake. Baba yenu yuko hapa, kwenye zizi la zamani, chini ya shamba letu. Alikuwa mtu wa kale kuliko umri wake, na alipojua hatapona alinishika mkono akasema, "Mma-Otsile, nizikeni walipolala ng'ombe wangu, na asijue mtu mahali." Tukamzika alfajiri, mimi, kaka yake na wazee wawili, kisha tukaliswaga kundi lote juu yake, likazunguka na kuzunguka mpaka udongo ukawa sawa na udongo mwingine, asije mchawi akachimbua kitu. Ninyi mlikuwa shule ya bweni. Mlipofika tukawapeleka kwenye mawe, na mkalia pale, na nikawaacha mlie. Wale watatu wamekwisha kufa, kaburi limebaki kichwani mwangu peke yangu, na kichwa chenyewe ndicho hiki.

Nigeuzeni tena, upande huu unaniuma. Fungueni na dirisha.

Miaka miwili iliyopita wapimaji walikuja na vigingi vyao vyenye rangi nyekundu. Mto walivuka pale unapopungua upana, mahali pazuri, hata mtoto angepachagua, na vigingi vikapanda moja kwa moja kupitia shamba letu na kulikata zizi katikati. Kamati ilipiga vigelegele. Mimi nilipiga pia. Kisha mhandisi akasimama kgotla, mbele ya kgosi, mkuu wetu wa kijiji, na watu wote kwenye viti vyao, akauliza kama kuna kaburi katika njia ile, kwa sababu sheria inamtaka aulize. Akanitazama mimi, mwenyekiti.

Ningesema lipo, wangeniuliza liko wapi, na siri ya mume wangu ingekuwa habari ya dukani kabla ya jua kutua. Nikasema, "Rra, kaburi hakuna, ila pale udongo ni mbovu, mwaka wa mafuriko makubwa maji yalipapasua mpaka shambani kwangu. Pelekeni juu, kwenye miamba." Hayakupasua kitu. Lakini nani angembishia ajuza aliyelima hapo miaka arobaini? Wakang'oa vigingi wakavipeleka juu, ambako mto ni mpana mara tatu, na halmashauri ikajibu kwamba daraja refu hivyo haiwezi. Na mimi nikachukua kalamu nikaanza kuwaandikia barua za ukali.

Nilijiambia watachoka na kupata mahali pengine wenyewe. Nilijiambia mengi. Ndipo ikaja Februari ya mwaka huu.

Mlikuwapo. Sethunya ameshikwa na uchungu, mto umejaa, gari la wagonjwa limesimama ukingo wa pili saa nne asubuhi na taa zake zinazunguka, tunaliona, tunamwona hata muuguzi akitupungia mikono, na hakuna wa kuvuka. Mtoto tulimpokea sisi kwenye nyasi, akalia. Mama yake damu haikukatika. Nilimshika kichwa mimi, wanangu, kwenye mapaja yangu haya, na chini kidogo kutoka tulipokaa niliona mashimo vilikong'olewa vigingi.

Na Mma-Sethunya, mama yake Sethunya, mjumbe wangu wa kamati, alinijia baada ya mazishi, mjukuu mgongoni, akaniambia, "Usijilaumu, Mma-Otsile. Wewe umepigania daraja kuliko sisi sote." Tangu niugue ananiletea uji kila asubuhi, ananilisha kwa kijiko. Na mimi nimeumeza. Hicho ndicho kinachonigeuzageuza kitandani, si figo, daktari asiwadanganye.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Gaone, nenda kwake leo, kabla hujapika, umwambie yote, na umwambie nilitaka kumwambia mwenyewe nikaogopa uso wake. Akija kunitukana, mpisheni aingie. Asipokuja kwenye mazishi yangu, asilaumiwe na yeyote wa nyumba hii. Nawe watataka kukuchagua mahali pangu, kwa ajili ya jina langu. Usikubali mpaka wamelisikia jina lenyewe lilifanya nini, kisha waache wainue mikono au waishushe.

Otsile, Alhamisi utasimama kgotla. Usiseme mama alisahau, usiseme uzee, usiseme ugonjwa. Sema, "Mama yangu alidanganya, na baba yangu yuko njiani mwa daraja, tunamhamisha." Unalia nini? Nilimwahidi mimi, hukumwahidi wewe, na ahadi ile nakwenda kuijibu mwenyewe.

Nishikeni mkono. Huo mwingine siusikii.

Atazikwa kwenye makaburi ya kijiji, ng'ambo, na mimi kando yake, nyote mkijua tulipo. Mashine isimguse. Chimbeni kwa mikono, taratibu... Kuna nguzo ya lango la zizi, ya mti wa mopane, ile moja iliyobaki. Simama hapo, jua la asubuhi likupige usoni. Tembea hatua saba. Hatua zangu, Otsile, si zako, zako ndefu... Gaone atembee. Saba. Hakulazwa. Tulimkalisha kama wazee wa zamani, anatazama magharibi, kwa hiyo kichwa ndicho... kichwa kiko juu, karibu, mtakifikia upesi, msishtuke. Mwambieni ni sisi. Mwambieni... ni mimi niliyesema.

Mvua iwanyeshee, wanangu. Na ikinyesha... mvuke mto.