Kidevu Chini ya Ndevu

KINYOZI: Haloo, nani mwenzangu? Mikono imejaa povu, nimepokea kwa kiwiko, jina silioni.

FUNDI SAA: Ni mimi, shemeji.

KINYOZI: Aaa! Baba mtoto! Hongera, bwana wee! Toka asubuhi simu nimeiweka hapa kwenye kioo naitolea macho. Dada yangu hajambo?

FUNDI SAA: Hajambo. Amejifungua salama. Ni wa kike.

KINYOZI: Wa kike! Mzee, umesikia? Nimepata mpwa, wa kike! ... Namwambia mteja wangu hapa, fundi viatu. Nimemnyoa shavu moja, jingine bado. Haya, niambie, kafanana na nani? Usiseme kafanana na wewe, nitalia.

FUNDI SAA: [kimya]

KINYOZI: Haloo? Huu mtandao nao—

FUNDI SAA: Nipo. Toka nje kidogo, shemeji.

KINYOZI: Nitoke niende wapi? Nina mtu kwenye kiti.

FUNDI SAA: Toka tu. Tafadhali.

KINYOZI: ... Haya. Nimetoka. Nimesimama mlangoni na wembe mkononi, watu wananipisha. Sema. Unanitisha.

FUNDI SAA: Mtoto ana kidevu kidogo.

KINYOZI: [mkwaruzo] —nini kidogo?

FUNDI SAA: Kidevu. Taya lote la chini limerudi nyuma. Na juu, ndani ya kinywa, kaakaa halijafunga. Kuna tundu.

KINYOZI: Mungu wangu. Anapumua?

FUNDI SAA: Anapumua. Akilazwa chali ulimi unarudi nyuma unamziba, kwa hiyo wamemlaza kifudifudi, na muuguzi amekaa naye. Maziwa wanampa kwa kichupa, kidogo kidogo. Wanasema atakua, kaakaa litashonwa baadaye. Daktari hana wasiwasi sana.

KINYOZI: Sasa wewe mbona una sauti ya mtu aliyefiwa?

FUNDI SAA: Umeshika wembe bado?

KINYOZI: Ndiyo.

FUNDI SAA: Uweke chini.

KINYOZI: Shemeji, usinizungushe!

FUNDI SAA: Daktari alitueleza. Daktari mwenyewe ni mama mmoja mwenye subira, shemeji, alikaa kitandani kabisa, akatumia mikono yake. Akasema mtoto akiwa bado kama punje ya harage, uso haupo. Halafu inachomoza minundu, mmoja huku, mmoja huku. Inakua kuelekea katikati mpaka inakutana hapa, kidevuni. Taya la chini ndilo linalotangulia kuungana. La juu linafuata, vipande vyake vinatoka pembeni vinakutana chini ya pua.

KINYOZI: Kumbe tunashonwa katikati kama suruali.

FUNDI SAA: Wakati huo ulimi umesimama, umejaa kinywa chote. Taya la chini likisogea mbele, ulimi unapata pa kulala, unashuka. Ukishashuka, kaakaa linafunga juu yake, kama milango miwili. Sasa la mwanangu halikusogea vya kutosha. Ulimi ukabaki umekwama hapo juu. Milango ikashindwa kukutana.

KINYOZI: Kwa hiyo yote yameanzia kwenye taya.

FUNDI SAA: Ni kama saa tu. Gurudumu moja likichelewa, yanayofuata yote yanakosa zamu yake.

KINYOZI: Ehe. Sasa ni kwa hilo uliniambia niweke wembe?

FUNDI SAA: Bado. [mkwaruzo] Dada yako akauliza, mambo hayo yanatokea mimba ikiwa ya miezi mingapi. Daktari akasema taya ni mwezi wa pili, kaakaa linafunga kuingia wa tatu. Dada yako akanitazama.

KINYOZI: Kwa nini akutazame?

FUNDI SAA: Mwezi wa pili wa mimba ndipo alipopaka rangi kile chumba.

KINYOZI: Chumba cha mtoto? Ile ya kijani?

FUNDI SAA: Ile ile. Rangi ya mafuta. Alifunga dirisha ili vumbi lisiingie. Mimi niko dukani kwangu, nafungua saa ya mtu, sina habari. Narudi jioni namkuta kichwa kinamgonga na kuta zinang'aa. Alitaka anishangaze.

KINYOZI: Namkumbuka alivyofurahi. Alinipigia akaniambia nisikuambie. Lakini daktari amesema ni rangi?

FUNDI SAA: Hapana. Amesema hadhani kabisa. Mara nyingi sababu haijulikani, amesema, na mama asijitafutie makosa.

KINYOZI: Basi yameisha! Si ungemshika mkono ukamwambia hivyo hivyo?

FUNDI SAA: Sikumshika mkono.

KINYOZI: Shemeji.

FUNDI SAA: Nipo.

KINYOZI: Ulimwambia nini dada yangu?

FUNDI SAA: ... Nilimwambia, "Si nilikukataza kupaka ile rangi."

KINYOZI: Rudia.

FUNDI SAA: Usinirudishe huko—

KINYOZI: Rudia! Mtandao umekwaruza.

FUNDI SAA: Umesikia, shemeji.

KINYOZI: Nimesikia. Ametoka kuzaa asubuhi. Hata kuketi vizuri hawezi.

FUNDI SAA: Najua.

KINYOZI: Na wala hukumkataza! Umesema mwenyewe ulikuwa dukani, huna habari!

FUNDI SAA: Najua. Limenitoka tu. Niliogopa, shemeji. Daktari alikuwa ananitazama mimi.

KINYOZI: Akutazame wewe kwa lipi?

FUNDI SAA: Alikuwa ameshauliza. Kabla ya hayo ya rangi. Aliuliza, "Katika ukoo wenu, yuko mtu mwenye kidevu kidogo?" Dada yako akasema kwetu hakuna. Ikafika zamu yangu.

KINYOZI: Ukasema?

FUNDI SAA: Nikasema hata kwetu hakuna.

KINYOZI: [viatu vinakwaruza ngazi]

FUNDI SAA: Shemeji? Upo?

KINYOZI: Nipo. Nimekaa kwenye ngazi.

FUNDI SAA: Katika watu wangu ni wewe tu unayejua. Wewe na mama yangu, na mama ndiyo hivyo tena, hayupo. Hata mke wangu hajawahi kukiona kidevu changu.

KINYOZI: Nakijua hicho kidevu kuliko ninavyojua changu. Siku ya kwanza umekuja kibandani ulikuwa na vinyweleo vitatu. Ukaniambia, "Kinyozi, nifanyie chochote, nionekane nina taya."

FUNDI SAA: Shuleni waliniita Ndege. Kila siku, Ndege. Mwalimu akiita majina, akifika kwangu darasa zima linalia kama kifaranga.

KINYOZI: Na mimi nikakuchongea. Nikakuambia uziache ndevu zikue, chini ziwe nzito, pembeni nikazikata mraba. Ukatoka hapo mtu mzima, taya kama la askari. Dada yangu akaja kuniletea chakula, akakuona kwenye kiti. "Nani yule mwenye ndevu nzuri?" Nikavimba kichwa! Nikasema hiyo kazi ya mikono yangu!

FUNDI SAA: Hukumwambia.

KINYOZI: Sikumwambia. Ya kwenye kiti hayatoki kwenye kiti, ndiyo kazi yetu. Lakini yule ni dada yangu wa tumbo moja. Nilikaa harusini nakula huku nakitazama kidevu chako cha bandia, najua, na nimefunga mdomo. Kwa hiyo usidhani unalia peke yako hapo.

FUNDI SAA: Hakuna aliyejua kama kinarithiwa.

KINYOZI: Daktari kasema kinarithiwa?

FUNDI SAA: Kasema huenda. Wakati mwingine kimo kwenye damu ya ukoo, wakati mwingine ni bahati tu. Ndiyo maana aliuliza. Kama kiko kwenye ukoo, anataka kumpima macho na masikio mapema, kwa sababu kuna hitilafu nyingine zinafuatana na taya, na ukichelewa—

KINYOZI: Ngoja. Macho?

FUNDI SAA: Macho na masikio, ndiyo.

KINYOZI: Shemeji, hiyo miwani yako. Kila ukija unaiweka pale kwenye rafu, na ukiivua unapapasa kiti kama kuku usiku. Mimi siku zote nadhani ni kazi ya saa imekumaliza. Ulianza kuvaa lini?

FUNDI SAA: ... Toka utotoni. Kabla sijajua kusoma.

KINYOZI: Kabla hujajua kusoma.

FUNDI SAA: [mkwaruzo]

KINYOZI: Umesikia ulichosema?

FUNDI SAA: Sikuwa nimeunganisha. Wallahi, shemeji, sikuwa nimeunganisha. Mimi nilikuwa nafikiria rangi tu, na yale machozi yake.

KINYOZI: Basi unganisha sasa hivi. Daktari hatampima mtoto macho kwa sababu baba yake kasema kwetu hakuna.

FUNDI SAA: Mungu nisamehe.

KINYOZI: Dada yangu yuko katika hali gani?

FUNDI SAA: Amegeukia ukutani. Ananusa mikono yake. Kila mara anainusa. Nikamuuliza unanusa nini, akasema, "Bado inanuka rangi." Imepita miezi, shemeji, na bado anaisikia. Nikatoka. Niko hapa koridoni tangu hapo, karibu na ndoo za wafagiaji, nimeshika simu.

KINYOZI: Ondoka hapo uende ukamwambie.

FUNDI SAA: Nitaanzaje? Nimwambie ndevu alizozipenda ni uongo? Kwamba nimemtwika mzigo wangu mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama pale mzima na nguvu zangu?

KINYOZI: Ndiyo. Hivyo hivyo.

FUNDI SAA: Atanichukia.

KINYOZI: Acha akuchukie! Akuchukie wewe, asijichukie yeye! Sikiliza. Kidevu hukujiumbia. Umekikuta usoni kama nilivyokuta mimi masikio yangu haya ya ungo. Hata mtoto ukimpa, hujamkosea. Nani anaogopa kidevu? Lile neno la rangi ndilo ulilomkosea, na lile ni lako peke yako, halimo kwenye damu ya mtu.

FUNDI SAA: [anavuta kamasi]

KINYOZI: Unalia?

FUNDI SAA: Yeye ni wa kike, shemeji.

KINYOZI: Sasa?

FUNDI SAA: Hatakuwa na ndevu za kujifichia.

KINYOZI: ... Hapo umenikata maini.

FUNDI SAA: Nimemtazama pale alipolala, uso pembeni, nimeona ni mimi kabisa. Ni mimi yule wa shuleni. Na nikamkana mbele ya daktari. Hajamaliza hata siku moja duniani.

KINYOZI: Basi mtoe huko kwenye aibu kabla hajajua aibu ni nini. Amuone baba yake ana kidevu kama chake na anakula, anacheka, ana mke mzuri na duka la saa.

FUNDI SAA: [mlio wa salio kuisha] Umeusikia huo? Salio linaniishia.

KINYOZI: Usikate! Tembea. Unatembea?

FUNDI SAA: Natembea. Shemeji, njoo.

KINYOZI: Naja, nifunge tu—

FUNDI SAA: Njoo na mashine. Na wembe. Na kile kitambaa cha shingoni.

KINYOZI: Mashine wodini?

FUNDI SAA: Nataka uzinyoe ndevu zote. Mbele ya dada yako, na daktari awepo. Nikisema kwa mdomo tu nitaanza kupindisha maneno, najijua. Kidevu kikiwa nje sitapindisha.

KINYOZI: Na wewe uniache nimwambie kwamba mimi ndiye niliyekichonga. Zamu yangu nisinyimwe.

FUNDI SAA: Nimefika mlangoni. Namwona.

KINYOZI: Bado kageukia ukuta?

FUNDI SAA: Amegeuka. Kasikia viatu vyangu. Ananitazama.

KINYOZI: Basi usinisubiri mimi na mashine. Anza. Acha simu wazi, nisikie umesema.

FUNDI SAA: Shemeji—

KINYOZI: Sema, wewe!

FUNDI SAA: ... Mke wangu. Acha kunusa mikono. Ilete hapa. Lile neno nililokuambia la rangi ... nilidanganya. Sikukukataza, na haikuwa rangi. Daktari alipouliza ukoo, pale nilipaswa kusema ni m—

KINYOZI: Haloo? ... Shemeji? Haloo! ... Imekatika. [anarudi ndani] Mzee, amka. Jifute povu. Najua ni shavu moja, naliona, hilo jingine utalala nalo leo, kesho njoo nikumalizie bure. Nipe hiyo mashine, iko nyuma yako. Nimeitwa wodini kunyoa.