Kisanduku cha Marehemu Wembe

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja mbele ya karakana ya Funguo, fundi kufuli. Alasiri ile palikuwa na nafasi wazi katikati, na hakuna aliyethubutu kuikalia. Wembe, kinyozi wao, walikuwa wamemzika wiki iliyopita. Sasa binti yake alikuwa amewaletea kisanduku cha chuma chenye vitufe viwili, cheupe na cheusi. Kinafunguka ukibonyeza mara nne kwa mpangilio aliouchagua marehemu mwenyewe. Ndani mlikuwa na karatasi zake za hospitali, na daktari wa binti alizitaka kabla ya kuanza kumtibu kifua. Kisanduku alikitengeneza Funguo, na roho ilimuuma kwamba mpangilio wa rafiki yake hakuujua.

— Tukikate kwa moto, akasema Redio, fundi simu.

— Tuunguze karatasi? Akili zako ziko likizo? Funguo akamjia juu.

— Basi tukipeleke kwenye mashine ya kupiga picha mifupa, tuzisome humohumo.

— Kunywa kahawa yako, bwana.

Mizani, karani mstaafu, alikuwa ameshapiga hesabu:

— Mipangilio iko kumi na sita. Minne minne, ni mibonyezo sitini na nne.

— Mzee, taa nyekundu hiyo, Funguo akamwonyesha kwenye kisanduku. Betri imebakiza mibonyezo ishirini hivi, na imo ndani, haibadilishiki.

— Basi tumekwisha, akasema Mizani.

Binti akainamisha uso. Funguo akamwonea huruma.

— Subirini. Kufuli hili halianzi upya, linaangalia mibonyezo minne ya mwisho tu. Mitatu ya nyuma inabaki inafanya kazi; ukiongeza mmoja, una mpangilio mwingine. Mibonyezo kumi na tisa inaimaliza mipangilio yote.

— Na utajuaje kwamba hurudii? Mizani akauliza.

— Tunaanza na cheusi mara nne. Baada ya hapo, cheupe kila mara. Kama kitaleta mpangilio tuliokwisha kupita, nabonyeza cheusi badala yake. Wewe andika, unishtue.

Cheusi mara nne, cheupe mara nne. Kila Mizani aliposema "huo tumepita", Funguo alihamisha kidole, jasho likimtoka. Redio alihesabu kwa sauti, safari hii bila utani. Kwenye kumi na saba kisanduku kikalia ka! na kifuniko kikaachia.

— Mungu wangu, akasema Redio.

Binti akazitoa karatasi, akazisoma moja moja akiwa amesimama. Jina la ugonjwa alilipata mapema, kwenye ya kwanza. Aliendelea kusoma hata hivyo.

— Baba zangu, alilazwa mara tatu.

— Alituaga anakwenda kunoa mikasi, Mizani akasema taratibu.

— Hapa pa jina la aliyemsindikiza pako wazi, karatasi zote. Nani alikuwa anakwenda naye?

Redio akamtazama Mizani. Mizani akamtazama Funguo. Funguo alikuwa amekaa na Wembe benchi lile miaka kumi na minane, na kwa aibu akaitazama ile nafasi wazi katikati.