Mama Mita na Mashine Tatu Zilizohamishwa

Leo ni tarehe tatu Oktoba, miaka mitatu na miezi minne tangu niondoke nyumbani kuja kubeba maboksi katika nchi inayonunua mboga zetu. Ijumaa ijayo, tarehe kumi, Mama Mita anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika ghala letu la baridi huko nyumbani. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wake, usomwe ukumbini siku ya kumuaga. Shule niliishia darasa la saba, mtanivumilia.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, aliandika daftarini umeme uliotumika, dizeli ya jenereta na gesi iliyoongezwa kwenye mashine za kugandishia. Tulimtania kwamba hata mumewe akichelewa kurudi humwandika: saa, dakika na sababu. Wapakiaji tukiacha mlango wazi, sauti yake ilitufikia mwisho wa korido: "Wanangu, mnataka kugandisha mtaa mzima?" Tuliufunga mbio.

Mwaka juzi walifika ghalani wataalamu kulinganisha nchi yetu na hii ya wanunuzi: moshi na gesi zinazoipasha dunia joto, chakula kikitoka shambani hadi mezani, kwa miaka ishirini. Walisema hawajaona kumbukumbu safi kama zake, wakanakili madaftari yote. Ripoti ilipotoka, nchi hii ya wanunuzi ilikuwa imepunguza gesi hizo kwa karibu theluthi moja, na yetu imeongeza maradufu. Wanunuzi wakasema ghala letu ni chafu, chumba cha pili chenye wafanyakazi arobaini kifungwe.

Niseme wazi: huo ni uonevu. Zamani njegere zetu zilisafirishwa mbichi, zikagandishwa huku. Katika mwaka wa tisa wa hesabu yao, Mama Mita aliandika kwa kalamu nyekundu: mashine tatu za kugandishia zimewasili kutoka kwa mnunuzi, si mpya, mbili zinavuja gesi. Akaandika na namba ya kila mashine. Njegere ni zilezile, walaji ni walewale. Kilichohama ni mashine. Wataalamu walichukua tarakimu, maelezo wakayaruka. Alipoinuka kuuliza kwenye mkutano wa ripoti hiyo, meneja wa ghala alimwambia, "Mama, wewe soma mita, hesabu waachie wenyewe."

"Wenyewe ndio nani, baba? Hesabu hiyo imetoka kwenye daftari langu."

Wakamwomba atie saini kwamba ameridhika. Alikataa, akarudi kusoma mita.

Mimi hapa kwa mnunuzi huyo, maboksi yakiisha, nafagia chumba zilimokuwa mashine hizo. Sakafuni yapo matundu kumi na mawili ya boliti, na ukutani namba za mashine bado zinasomeka, chini ya bango la kujipongeza kwa kutunza hewa. Nilipiga picha, nikamtumia. Namba zote tatu zililingana na zake. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Asante mwanangu, sasa pima na nafasi kati ya boliti."

Akaandika barua yenye ushahidi huo. Wataalamu wamekubali kumsikiliza tarehe tano Machi, na chumba hakitafungwa kabla ya hapo. Sasa meneja anadai mstaafu hana nafasi kikaoni. Ninyi mliokaa ukumbini, hilo likataeni hapohapo, meneja mwenyewe akiwa mbele yenu.

Mama, asante kwa kutuandika kama tulivyo. Upate afya, usingizi mrefu wa asubuhi na watu wa kukusikiliza. Mkataba wangu unaisha Februari. Nitafika nyumbani tarehe mbili Machi, na tarehe tano tutaingia kikaoni pamoja: wewe mbele, mimi nyuma nimebeba madaftari.