"Vyai Vimepoa": Mama Rasimu Aliaga Dawati la Uandishi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Rasimu anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu la kuchapisha vitabu vya watoto kwa miaka thelathini na miwili. Aliingia akiwa mwandishi msaidizi, anatoka akiwa mwandishi mkuu. Katika kipindi hichohicho amezaa na kulea watoto wanne, wote wazima, wote wenye adabu, na wote wanaojua kutumia nukta na mkato.

Jina hilo si la kwenye cheti. Alipewa na mafundi wa mitambo, kwa kuwa kila alikopita alikuwa na rasimu kwapani na mtoto mgongoni. Asubuhi moja, kwa haraka zake, alimkabidhi fundi mtoto badala ya rasimu, akashika njia. Fundi akamkimbilia hadi ngazini: "Mama weee, huyu haingii mashineni!"

Walimu wengi wamesifu sentensi zake fupi, wakidhani ni mbinu aliyosomea. Mwenyewe husema hakusomea lolote. Mtoto akilala, anaanza sentensi. Mtoto akiamka, anaweka nukta. Baba watoto, ambaye ni fundi redio, alijifunza kusuka nywele za mabinti ili mama yao apate aya moja kabla ya chai ya asubuhi. Mabinti walikwenda shule wakiwa wamesukwa upogo kwa mwaka mzima, lakini aya zilikamilika.

Haikuwa mteremko. Alipotoka likizo ya uzazi wa mtoto wa pili, mkurugenzi wa wakati huo alimwita na kumwambia kwamba atahamishiwa kaunta ya mauzo, kwani uandishi hautaki mtu mwenye mtoto wa kunyonya. Akamalizia kwa methali: "Mshika mawili, moja humponyoka." Mama Rasimu akamjibu kwa heshima zote: "Ni kweli, Mkurugenzi. Ila na mikono nayo nimepewa miwili." Mkurugenzi akampa jaribio: aandike kitabu kimoja cha darasa la kwanza kabla ya muhula kuisha. Kikikubalika, abaki kwenye dawati lake. Kikikataliwa, kaunta inamngoja.

Akaandikia jikoni, huku kifungua mimba wake, binti wa miaka mitatu, akicheza mapishi kwa vizibo vya chupa. Siku moja binti alimpangia mamaye vizibo viwili mezani, akangoja anywe, akaona mama kainamia karatasi tu. Akashika kiuno: "Mama, vyai vyako vimepoa!" Mama Rasimu akacheka, akalichukua neno lilivyo, akalitia kitabuni.

Rasimu ilipofika kwenye dawati la usahihishaji, neno hilo lilipigwa mstari mwekundu, na ilikuwa haki. Ni chakula na vyakula, ni chumba na vyumba. Lakini chai ni chai, iwe kikombe kimoja au birika zima. Mama Rasimu akaja kulitetea kwa msahihishaji, mtoto mchanga mgongoni. "Mzee wangu, mtoto hajabahatisha. Amefikiri." Akajibiwa: "Kufikiri ni kwema, mwanangu, lakini kitabu cha shule hakifundishi makosa." Hakuna aliyerudi nyuma. Shauri likapelekwa kwa mkurugenzi, naye akakata: kitabu kisomwe mbele ya watoto wa shule ya jirani. Watoto wakilimeza neno lile kama lilivyo, kitabu kimekufa, na mwandishi aende kaunta.

Tulikwenda wote watatu, mkurugenzi, mwandishi na mimi mwenye kalamu nyekundu, tukakaa kwenye viti vifupi hadi magoti yakatufika kidevuni. Mama Rasimu akasoma. Alipofika kwenye "vyai vyako vimepoa", watoto wakaendelea kumtazama tu. Mkurugenzi akaanza kufunga mkoba wake. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akainuka, amekunja uso kama hakimu: "Eti vyai! Hakuna vyai, ni chai!" Darasa zima likalipuka: "Ni chai! Chai imepoa!" Ukurasa uliofuata neno lilirudi, na kabla Mama Rasimu hajamaliza sentensi, walikuwa wamekwisha kumsahihisha, wengine wamesimama juu ya viti. Mwalimu wao alisema kwamba somo la ngeli ya chai alikuwa amelifundisha wiki nzima bila kupata kelele kama zile.

Mkurugenzi alicheka mpaka akavua miwani. Kitabu kilipita, kwa sharti la dawati la usahihishaji kwamba katika ukurasa wa mwisho mtoto aseme sawasawa. Mama Rasimu alikubali, akabaki mwandishi. Ieleweke, hata hivyo, kwamba neno "vyai" halimo katika Kiswahili, na wafanyakazi wanaolitumia saa nne kuitana kwenye mapumziko ya chai wanafanya hivyo kwa hiari yao.

Vitabu vilivyofuata mnavifahamu, maana wengi wenu mmevisomea. Kitinda mimba wake alipoulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, alijibu: "Yeye kazi yake kuandika, sisi kazi yetu kumkatiza." Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Mama Rasimu alizibeba zote mbili, na ya tatu juu yake, na hatukumbuki siku aliyofika kazini bila kicheko.

Mwezi uliopita, mwandishi wetu kijana alirejea kutoka likizo ya uzazi. Alikuta kiti chake mahali pake, kalamu zake mezani, na kazi mpya inamsubiri. Hakuitwa ofisini, hakupewa jaribio, wala hakuambiwa methali. Alishangaa tu kumwona Mama Rasimu amesimama mlangoni, anamtazama akiketi, anatabasamu peke yake.

Mama Rasimu, ahsante kwa vitabu, kwa ubishi na kwa vicheko. Nenda ukapumzike, uandike unapotaka na uache unapotaka. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi, zenye afya, na zote ziwe zako.