Elijah Obare na Waya wa Chini ya Kiti

Marehemu Elijah Obare alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974 huko Uriri, Migori, kifungua mimba wa marehemu Zablon Obare na marehemu Mama Pamela. Nyuma yake alikuja Chrispine, ndugu yake wa pekee, ambaye Elijah alimbeba mgongoni mpaka alipojua kukimbia.

Alisoma shule ya msingi hapo Uriri, akamaliza darasa la nane mwaka 1989, kisha akajifunza umakanika katika chuo cha ufundi Homa Bay. Likizo moja baba yake alimtuma soko la Ogwedhi kuuza fahali. Jioni akarudi na fahali yule yule, mikono myeusi kwa grisi.

"Baba, ng'ombe atauzwa hata wiki ijayo," alisema. "Mashine ya posho ilikuwa imekataa kuwaka leo."

Alifunga ndoa na Phelesia tarehe 15 Desemba 2001. Mungu akawajalia Achieng na Lynnet.

Mwaka 2003 alihamia Mbita na kuwa fundi wa zile mashine za kukata nyasi ambazo dereva hukalia kama trakta. Shule na hoteli za kando ya ziwa zilimpigia simu, naye alitibu nyingi bila kuinuka kitini.

"Inalia tik, halafu kimya? Sugua vichwa vya betri kabla ya kulaumu stata. Inakata upande mmoja juu, mwingine chini? Pima upepo wa magurudumu. Inazima ukipita kwenye matuta? Hiyo ni swichi ya kiti. Usiiguse, omera, ndugu yangu, nakuja."

Swichi hiyo ndiyo huzima injini na visu dereva akiinuka. Mwezi Juni 2016, mashine ya shule moja ya bweni ilikuwa ikizimika kila mara, na wageni walitarajiwa kesho yake. Elijah hakungoja swichi mpya kutoka Kisumu. Aliunganisha nyaya mbili za swichi kwa kipande cha waya, mashine ikadhani kuna mtu kitini saa zote. Hakumwambia mtu.

Dereva wa mashine ile alikuwa Chrispine, wakati huo shemasi wa kanisa. Elijah mwenyewe ndiye aliyemfundisha: "Ukiinuka tu, visu vinalala." Nyasi mbichi zilipoziba chini ya mashine, Chrispine aliinuka, akashuka, akazisukuma kwa mguu. Visu havikuwa vimelala. Vilichukua nusu ya unyayo wake wa kulia.

Wakuu wa shule walipomwita fundi, waya ulikuwa umeshatolewa na mikono ile ile iliyouunganisha. Elijah aliwasha, akainuka, mashine ikazima papo hapo, kama inavyopaswa.

"Mashine ni nzima," akasema. "Mdogo wangu alikuwa amelewa."

Nani angebishana na fundi, tena ndugu? Shule ilimfukuza Chrispine. Kanisa lilimvua ushemasi na kumfuta ushirika. Elijah aliigeuza hadithi hiyo kuwa utani wa gereji. "Mashine ikikata mguu," aliwaambia wateja, "nusa dereva kwanza." Walicheka. Mara nyingine Chrispine alikuwa amesimama pale pale, akiegemea fimbo yake.

Mwezi Machi 2025 Elijah alianza kushindwa kumeza chakula. Madaktari wa Homa Bay waligundua saratani ya koo. Tarehe 2 Septemba, sauti ikiwa imebaki kidogo tu, Phelesia alimleta Chrispine kitandani.

"Baba Achieng, mwambie ndugu yako ukweli. Ndicho alichokuja kuchukua."

Elijah alimtazama Chrispine, kisha akamgeukia mkewe.

"Alikuwa amekunywa," akasema.

Hakuongea tena. Alifariki alfajiri ya tarehe 4.

Wasifu huu ulipoandaliwa, mchungaji alimsihi mjane, mama yake Achieng: "Min Achieng, marehemu hasemwi hivyo mbele ya watu."

"Basi azikwe bila wasifu," Phelesia akajibu. "Ule waya aliukata kwenye kamba yangu ya chuma ya kuanikia nguo. Alinirudishia ukiwa na nyasi na damu. Nikamuuliza, hii ni nini? Akasema, anika nguo. Nikaanika."

Kwa hiyo isomwe kwa sauti, nao wa kanisa wasikie: Chrispine hajawahi kuonja pombe.

Marehemu ameacha mjane, Phelesia, mabinti wawili, Achieng na Lynnet, wajukuu watatu, na ndugu mmoja, Chrispine. Nyasi za boma hili mlizokanyaga leo zilikatwa naye jana, kwa mashine ya kuazima. Kila alipotaka kushuka alizima kwanza kwa ufunguo, akautia mfukoni.

Elijah apumzike. Amani tunaomba apewe Chrispine.